Kurudi Kazini na Kurudi Kwenye Mazoezi Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo Kamili

Upasuaji wa kupunguza uzito siku hizi hufanyika zaidi kwa kamera, na huacha matundu machache madogo ambayo kwa kawaida huwa yamefunga baada ya wiki mbili. Ngozi ikishafunga, mgonjwa, mwajiri wake na hata ndugu zake huamini kwamba amepona. Ndani hali ni tofauti: mfuko wa chakula umekatwa na kufungwa kwa mstari mrefu wa pini, misuli ya ukuta wa tumbo iliyotobolewa bado inaunga, na mwili unaendeshwa kwa chakula kidogo mno kuliko ulichozoea. Ndiyo sababu tarehe ya kurudi kazini haipaswi kupangwa kwa kutazama kovu wala mizani, bali kwa kuangalia kazi yenyewe inahitaji nguvu gani na inampa mtu nafasi gani ya kula, kunywa na kupumzika.

Maelezo yanayofuata yanahusu upasuaji wa aina mbili unaofanyika zaidi: ule wa kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na ule wa kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo ulio mbele zaidi. Aliyewekewa puto tumboni hajakatwa popote. Kwake shida kubwa ni kichefuchefu, kutapika na maumivu ya siku za mwanzo, na mara nyingi huweza kurudi kwenye kazi nyepesi ndani ya wiki moja. Aliyefunguliwa tumbo kwa mkato mrefu naye ana ratiba yake, na muda wake wa kujizuia kunyanyua vitu hufika miezi miwili hadi mitatu. Popote daktari wako alipokupa maagizo makali kuliko haya, fuata ya daktari wako.

Hatua ya kwanza: ieleze kazi yako kabla hujalazwa

Mara nyingi daktari anajua cheo cha mgonjwa lakini hajui kazi yake. Aliyeandikwa kuwa mwalimu anaweza kuwa anafundisha vipindi viwili kwa siku, au anaweza kuwa anasimama mbele ya darasa lililojaa kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri. Aliyeandikwa kuwa mfanyabiashara anaweza kuwa anakaa dukani na daftari lake, au anabeba mabelo ya mitumba kutoka kwenye gari hadi kwenye meza. Kwa hiyo chukua karatasi na uandike siku yako ilivyo: kitu kizito kuliko vyote unachonyanyua na unakinyanyua mara ngapi, unasimama saa ngapi mfululizo, unasafiri kwa nini na kwa muda gani, choo kiko umbali gani, unaruhusiwa kula saa ngapi, na kama una zamu za usiku au unafanya kazi juani.

Orodha hiyo iguse na kazi za nyumbani, maana mwili hautofautishi mzigo wa ofisini na wa uani. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mwanamke ambaye ameambiwa apumzike kazini kwa mwezi mzima, kisha akaachiwa kuchota maji, kufua kwa mikono na kubeba mtoto mgongoni, hajapumzika hata kidogo. Nadhani jambo hili linapaswa kuzungumzwa na familia nzima kabla ya siku ya operesheni, na ikiwezekana mume au ndugu atakayesaidia aingie naye kwa daktari asikie mwenyewe.

Halafu kuna suala la likizo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi awasilishe cheti cha daktari. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini kabisa cha siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya utumishi, ingawa mikataba mingi ya kazi na makubaliano ya vyama vya wafanyakazi hutoa zaidi. Tofauti hiyo ina maana kubwa: mfanyakazi wa Nairobi anaweza kulazimika kuunganisha siku hizo na likizo yake ya mwaka ili apate wiki nne, wakati mwenzake wa Dodoma anaweza kutumia likizo ya ugonjwa peke yake. Soma mkataba wako, ongea na ofisi ya utumishi mapema, na umwombe daktari aandike kwenye cheti cha ED, yaani cha kupumzishwa kazi, si tarehe tu, bali pia kazi usizoruhusiwa kufanya utakaporudi. Maneno kama "asinyanyue zaidi ya kilo 5 hadi wiki ya 6" yanakulinda kuliko maneno "apewe kazi nyepesi", kwa kuwa kila msimamizi ana tafsiri yake ya wepesi.

Aliyejiajiri hana sheria ya kumlinda, na hapa mpango unahitaji umakini zaidi. Mama lishe, fundi ujenzi, dereva wa bodaboda au mkulima anayelima kwa jembe la mkono anatakiwa ajiwekee akiba ya kula na kulipa kodi kwa muda wa kati ya wiki nne na nane, na apate mtu wa kumshikia kazi. Kama akiba hiyo haipo, ni heri kusogeza tarehe ya upasuaji kuliko kufupisha muda wa kupona. Kwa wagonjwa walio wengi upasuaji huu si wa dharura, na tarehe yake inaweza kusubiri.

Hatua ya pili: anza kutembea siku ileile

Mgonjwa husimamishwa kitandani saa chache baada ya kuzinduka, na watu wa nyumbani wakati mwingine huona kama ni ukatili. Kwa kweli ni kinga. Mtu mwenye uzito mkubwa aliyetoka kwenye upasuaji yuko katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Hatari hiyo haiishii siku ya kuruhusiwa kutoka. Huendelea kwa wiki kadhaa mtu akiwa nyumbani. Tembea ndani ya wodi kila baada ya saa moja au mbili unapokuwa macho, chezesha vifundo vya miguu ukiwa kitandani, vaa soksi za kubana ikiwa umepewa, na usiache sindano za kuzuia damu kuganda kabla ya siku uliyoambiwa. Unapotaka kukohoa, kumbatia mto tumboni kwanza ili misuli isivutike.

Wapo wanaosafiri hadi India kwa ajili ya upasuaji huu, ingawa sasa unafanyika pia katika hospitali ya Mloganzila, jijini Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa za Nairobi. Anayesafiri amuulize daktari wake wazi ni lini atapanda ndege, kwa sababu kukaa kitini saa nyingi mapema baada ya operesheni huongeza hatari hiyohiyo ya damu kuganda. Safari ya basi la usiku kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza haina tofauti na hiyo.

Dalili zifuatazo hazingoji kesho: mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, maumivu mapya ya bega la kushoto, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kutapika kila unachokunywa. Tatu au nne za kwanza zinaweza kuashiria kwamba mshono wa mfuko wa chakula unavuja. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kudhuru mishipa ya fahamu, kwa hiyo usivumilie kwa kudhani ni kawaida ya upasuaji. Rudi hospitali, na kama utapokewa na daktari asiyekufahamu, mwambie neno la kwanza kabisa kuwa umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na umefanyiwa lini.

Hatua ya tatu: wiki ya pili hadi ya sita nyumbani

Kanuni inayotolewa na hospitali nyingi ni kutonyanyua zaidi ya kilo 5 kwa wiki nne hadi sita. Kilo 5 ni dumu la maji la lita 5. Ukinyanyua zaidi ya hapo kabla misuli haijaunga, utumbo unaweza kusukuma ukuta wa tumbo pale ulipotobolewa na kusababisha ngiri, ambayo nayo inaweza kuhitaji operesheni nyingine.

Uzito wa kitu si kipimo pekee. Kazi nyingine hazina mzigo wa kupima lakini hukaza tumbo vibaya: kusonga ugali wa watu kumi kwenye sufuria kubwa, kukuna nazi ukiwa umeinama juu ya mbuzi, kutwanga kwenye kinu, kudeki kwa kuinama, kusukuma pikipiki iliyozimika, kuvuta kamba ya kisima. Mtu anaposonga ugali huegemeza mwili mbele, hubana pumzi na kusukuma mwiko kwa nguvu za kiunoni, tena mara nyingi mfululizo. Zoezi kama hilo mkufunzi wa mazoezi asingelikuruhusu kulifanya kabla ya wiki ya 6, basi na jikoni liwe hivyohivyo. Koroga uji, kata mboga ukiwa umekaa, na kazi nyingine uwaachie wengine. Mtoto mdogo anayetaka kubebwa apande mwenyewe kwenye kochi akae kando yako.

Unapoamka, usijiinue kwa kukunja tumbo. Geuka ubavu, teremsha miguu chini, kisha jisukume kwa mkono hadi ukae. Kaa kidogo kabla ya kusimama, kwa sababu shinikizo la damu hushuka katika wiki hizi na kizunguzungu ni cha kawaida.

Kutembea ndiyo zoezi lako kuu. Anza na dakika 5 mara tano au sita kwa siku, na kila baada ya siku mbili au tatu ongeza dakika chache huku ukipunguza idadi ya safari, hadi ufikie dakika 30 mfululizo karibu na wiki ya 4. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Toka alfajiri au jioni, kwa maana jua la saa saba mchana huko Pwani humkausha maji mtu ambaye hawezi tena kugida glasi nzima kwa mkupuo. Kuogelea, baharini au bwawani, kusubiri hadi vidonda vyote vifunge kabisa na daktari avione.

Hatua ya nne: kuchagua siku ya kurudi

Kwa kazi za ofisini, watu wengi hurudi kati ya wiki ya 2 na ya 4. Kinachowarudisha nyuma si maumivu, ni uchovu: katika wiki hizo mtu anaishi kwa vinywaji na vyakula vilivyosagwa, na ikifika saa nane mchana anaishiwa nguvu. Ukiweza kupanga, rudi katikati ya wiki ili mwisho wa juma uwe karibu, na uombe nusu siku kwa wiki ya kwanza.

Kazi za kusimama au kuzunguka, kama uuguzi, ualimu, hoteli na saluni, kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6. Muuguzi akumbuke kwamba kumgeuza mgonjwa kitandani ni kunyanyua mzigo, hata kama haionekani hivyo. Kazi nzito za ujenzi, ukulima, ghala, bandari na uvuvi husubiri wiki 6 hadi 8, na mara nyingine zaidi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 usiwe kitu cha kwanza kunyanyua siku ya kwanza. Panda kutoka kilo 5 hadi 10, kisha 15, ukijipa wiki kati ya kila ngazi.

Dereva ana masharti yake. Usishike usukani ukiwa bado unatumia dawa za maumivu zinazoleta usingizi kama tramadol, wala kabla hujaweza kukanyaga breki kwa nguvu na kugeuka kutazama nyuma bila maumivu kukuzuia. Jaribu gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Kwa bodaboda subiri zaidi, kwa sababu matuta na mashimo hutikisa tumbo, na pikipiki ikitaka kuanguka utaizuia kwa misuli ileile inayopona.

Nina kipimo ninachokipendekeza kabla ya kumpigia simu msimamizi wako. Iigize siku yako ya kazi nyumbani kwa siku mbili mfululizo: amka saa ileile, vaa, tembea muda unaolingana na safari yako, kaa au simama kwa saa zilezile, kula na kunywa kwa nafasi ambazo kazi itakupa. Ukimaliza siku ya pili ukiwa bado na nguvu za kuoga na kukaa na familia, uko tayari. Ukiishia kulala saa tisa alasiri, omba wiki nyingine.

Hatua ya tano: kula na kunywa ukiwa kazini

Mpango wa wengi huvurugika hapa, kwa sababu ratiba ya kazi imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekula mlo mmoja mkubwa mchana. Wewe unahitaji milo midogo mitano au sita, maji ya lita 1.5 hadi 2 yanayonywewa kidogo kidogo, na protini ya takriban gramu 60 hadi 80 kwa siku. Maji na chakula havichanganywi: acha kunywa unapoanza kula, na usubiri nusu saa baada ya kumaliza. Kwa hiyo chupa iwe mezani muda wote na upige funda moja kila dakika chache. Mwalimu anaweza kunywa kila anapowapa wanafunzi kazi ya kuandika. Kondakta kila gari linaposimama kituoni.

Protini ipangwe tangu asubuhi, kwa kuwa ukiiacha hadi usiku haitatosha tumboni. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 takriban gramu 8, na samaki aliyepikwa wa gramu 100 takriban gramu 20. Mayai mawili, vikombe viwili vya mtindi usio na sukari, kipande hicho cha samaki na vipande vichache vya kuku vinakufikisha kwenye 60. Dagaa wakavu waliosagwa na kukorogwa kwenye uji au mchuzi ni protini ya bei nafuu na hubebeka. Anayekula kwa mama lishe aagize samaki au maharage kwanza, ale hayo polepole kwa dakika 20, na wali au ugali uje mwisho kama nafasi ipo.

Chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, soda, juisi ya miwa na maandazi vinaweza kumwangusha mtu kazini, hasa aliyeunganishwa utumbo. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula vitu vitamu, moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo husokota na kuhara hufuata. Wengine hushukiwa na sukari saa moja hadi tatu baadaye, wakatetemeka na kuchanganyikiwa. Kwa anayefanya kazi juu ya ngazi, kwenye mashine au barabarani, hiyo ni ajali inayosubiri kutokea.

Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu aonane na daktari kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Dozi ya insulini au glibenclamide iliyofaa kabla ya upasuaji inaweza kushusha sukari kupita kiasi sasa, na dawa za kuongeza mkojo humkausha mtu anayekunywa maji kwa shida. Ukiumwa kichwa au mgongo kazini, usipokee diclofenac wala ibuprofen kutoka kwa mwenzako. Dawa hizo zinaweza kuleta vidonda pale palipounganishwa. Kwa kawaida paracetamol ndiyo inayoruhusiwa.

Hatua ya sita: mazoezi baada ya wiki ya 6

Daktari akishakuruhusu, ongeza kutembea kwa kasi hadi ufikie dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima, na baadaye ukiweza ukaribie 300. Lakini kutembea peke yake hakutoshi, na katika hili ningependa msomaji asikie vizuri. Kilo zinazopungua haraka si mafuta matupu. Misuli nayo hupungua, na mtu anayepoteza misuli anaishia kuwa mwepesi lakini dhaifu, asiyeweza kubeba alichokibeba zamani. Mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki ndiyo yanayolinda misuli hiyo.

Huhitaji jimu. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, upana wa mabega. Inama kidogo mbele kutoka nyongani, toa pumzi, kisha simama bila kushika kitu; vuta pumzi ukishuka polepole kwa hesabu ya tatu hadi uguse kiti. Fanya mara 8, pumzika dakika moja, rudia mizunguko miwili zaidi. Magoti yakiuma, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Mizunguko yote ikiwa rahisi, shika chupa ya maji ya lita 1.5 kila mkono. Ongeza kujisukuma ukutani kwa ajili ya kifua na mikono, na kuvuta mkanda wa mpira kwa ajili ya mgongo. Mazoezi ya kukunja tumbo, kuruka kamba na mpira wa miguu yaache hadi mwezi wa 3 baada ya upasuaji, tena uyaanze taratibu. Usibane pumzi unapokaza misuli.

Watakachosema wenzako, na mwezi wa Ramadhani

Kwetu mtu akikonda ghafla husemwa kuwa anaumwa, na maneno hayo hufika ofisini kabla yake. Hulazimiki kumweleza yeyote ulichofanyiwa. Ofisi ya utumishi inahitaji cheti, haihitaji historia. Jibu fupi kama "nilifanyiwa operesheni ya tumbo, naendelea vizuri, nashukuru" linatosha kwa wengi. Hata hivyo, chagua mtu mmoja wa kuaminika kazini ambaye anajua ukweli, ili ukianguka au ukitapika aweze kumweleza daktari.

Kuhusu kufunga, wataalamu wengi hushauri kutofunga katika miezi ya mwanzo, na wengine hutaka mwaka mzima upite, kwa sababu lita zile za maji na gramu zile za protini haziingii kati ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa ya kidini ya kulipa baadaye. Zungumza na daktari na sheikh wako kabla mwezi haujaandama.

Vipimo vya damu hufanyika mara kwa mara mwaka wa kwanza, na baada ya hapo walau mara moja kila mwaka, maisha yote, sambamba na vitamini na madini ya kila siku. Chuma, B12 na vitamini D vikipungua, dalili za kwanza huonekana kazini na kwenye mazoezi: ngazi ulizozipanda mwezi uliopita bila shida sasa zinakukata pumzi, ganzi inaingia vidoleni, mifupa inauma baada ya zamu. Ukiona hivyo, usiongeze mazoezi kwa kudhani umelegea. Punguza kwanza, pima damu wiki hiyohiyo, na uongeze kazi baada ya majibu kutoka.